Kundelungu Ina Mteremko, Lubumbashi Ina Waendeshaji

Katanga ni hodari wa kushuka. Shaba ya kwanza ya Lubumbashi iliyeyushwa mwaka 1911, kutokana na mawe ya mgodi wa Étoile, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na tangu hapo hatujaacha kuifuata ardhini. Ukifika ukingoni mwa shimo la wazi, iwe Ruashi au Kolwezi, utaona barabara ya malori ikizunguka kuta za shimo hilo mpaka chini kabisa. Haikuchorwa kwa kubahatisha. Wahandisi wa migodi huipa mwinamo wa asilimia 8 hadi 10, yaani katika kila mita 100 za mwendo lori lishuke mita 8 au 10, basi. Ukizidisha hapo, breki zinaungua, na mvua za Novemba zinaigeuza barabara kuwa mfereji.

Wikendi hii nayaomba maarifa hayo kwa kazi nyingine. Nasema mkoa wetu wa Haut-Katanga ujenge njia ya baiskeli za mlimani kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Kundelungu, ishuke mpaka bonde la mto Lufira, jirani na korongo la Lofoi. Na nasema zaidi: wa kwanza kukabidhiwa njia hiyo wasiwe wenye majumba ya mtaa wa Golf na baiskeli zao za kuagiza Ulaya. Wawe wale wanaotuletea mkaa mjini kwa baiskeli kila alfajiri.

Kwa ambaye hajafika, Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu iliundwa mwaka 1970, nayo iko kaskazini-mashariki mwa Lubumbashi, zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini. Juu ni nyasi na upepo, na baridi ya Juni na Julai inayomfanya mtu wa mjini atafute koti alilolisahau. Uwanda wenyewe unafika takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kisha ardhi inakatika ghafla. Mto Lofoi, uliokuwa ukitiririka taratibu kwenye nyasi, unafika ukingoni na kuanguka zaidi ya mita 300 ndani ya korongo, halafu unakwenda zake kuungana na Lufira. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo dunia nzima huyalipia nauli ya ndege, yana mita 108. Lofoi haina upana wala ngurumo ya Zambezi, na kiangazi kikikolea maji yake hupungua sana. Lakini kwa kimo, watalii wanaokwenda Livingstone wamepita juu ya kitu kirefu karibu mara tatu bila kujua kipo.

Huko si pori lisilo na historia. Mwaka 1891 Paul Le Marinel alianzisha kituo cha dola ya Mfalme Leopold kando ya Lofoi, ili awe karibu na Bunkeya, makao ya Msiri, mtawala mwenye asili ya Unyamwezi aliyeshika njia za shaba, pembe za ndovu na watumwa. Desemba mwaka huohuo Msiri alipigwa risasi akafa. Misafara iliyokuwa ikienda na kurudi kwake ndiyo mojawapo ya mikondo iliyokifikisha Kiswahili Katanga, miaka mingi kabla reli haijafika hapa mwaka 1910. Kwa hiyo nchi hii iliunganishwa kwanza kwa njia nyembamba, za mtu mmoja nyuma ya mwingine. Barabara pana zilikuja baadaye, na nyingi zilikuja kubeba madini, hazikuja kubeba watu.

Sasa tuje kwa waendeshaji. Simama alfajiri kwenye barabara ya Kasenga, ya Likasi au ya Kipushi, uwatazame. Baiskeli, au kinga kama tunavyosema hapa, ni ile ya chuma kizito kutoka India au China. Fundi ameichomelea vyuma kwenye uma wa mbele na kwenye keria, maana kiwanda hakikuitengeneza kwa kazi hii. Nyuma na ubavuni kuna magunia ya mkaa, makala yanayopika bukari ya nyumba zetu, uzito ambao mtu hawezi kuuinua peke yake. Usukani umeongezwa kwa fimbo ili mwenye nayo aweze kuuelekeza akiwa anatembea kando, na fimbo nyingine imesimamishwa nyuma ya kiti, ndiyo ya kusukumia. Kwenye mlima anasukuma. Kwenye tambarare anasukuma au anapanda, kutegemea mzigo. Kwenye mteremko ndipo penye kazi.

Breki za fimbo zilizokuja na baiskeli zilishakufa zamani, na hata zingekuwa nzima zisingeuweza mzigo ule. Anachofanya ni kukandamiza tairi la nyuma kwa soli ya ndala iliyokatwa kwenye tairi la gari, huku mwili wote ukivuta upande wa nyuma. Anajua kwamba uzito ukikaa nyuma gurudumu la mbele hupoteza mshiko, hivyo kona huianza mapema na huichukua kwa upana. Anajua pia kwamba kwenye changarawe ukifunga gurudumu umekwisha, na kwamba macho yakitazama shimo baiskeli itaingia shimoni. Makocha wa Ulaya hulipwa kufundisha mambo hayohayo: punguza mwendo kabla ya kona wala si ndani yake, shusha visigino, rudisha nyonga nyuma, tazama mbali. Wetu wameyajua kwa sababu kosa moja ni gunia lililopasuka, na gunia lililopasuka ni siku mbili za msitu zimepotea.

Msomaji anaweza kudhani napamba umaskini. Sipambi. Kazi ile inavunja migongo, na barabara wanayopita wanagawana na malori ya shaba yanayokimbilia mpaka wa Kasumbalesa, yenye madereva ambao baadhi yao hawaoni baiskeli kabisa. Mkaa wenyewe unakula misitu ya miombo inayouzunguka mji. Kadiri miaka inavyokwenda ukingo wa msitu unarudi nyuma, na mbeba mkaa anaongezewa kilomita. Umeme ungekuwa wa kutegemewa majumbani, nusu ya safari zile zisingekuwepo. Ninachosema ni kwamba ujuzi upo, umelipiwa kwa jasho, na mkoa unautumia kwa jambo moja tu.

Tena mchezo wa baiskeli za mlimani, tunaoudhania wa Wazungu wenye fedha, ulizaliwa kwa baiskeli zinazofanana na hizi. Tarehe 21 Oktoba 1976, kwenye milima ya Kaunti ya Marin huko California, karibu na mlima Tamalpais, kundi la vijana lilishindana kushuka barabara ya vumbi inayoanguka takriban mita 400 katika mwendo wa kilomita tatu na kitu. Walipanda baiskeli nzito za chuma za miaka ya 1930 na 1940, zenye gia moja, zilizotupwa na wenyewe. Breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, unasimamisha kwa kurudisha pedali nyuma. Wakifika chini, grisi ilikuwa imeungua ikatoka moshi, ikabidi kitovu kifunguliwe na kupakwa grisi upya; ndipo mashindano yale yakapata jina la Repack. Mwandaaji alikuwa Charlie Kelly. Gary Fisher alikuwepo, na Joe Breeze, ambaye mwaka uliofuata aliunda fremu mpya mahsusi kwa kazi hiyo. Miaka 20 baadaye, huko Atlanta mwaka 1996, baiskeli za mlimani ziliingia kwenye Olimpiki.

Miongoni mwa mafundi wa kizazi kile alikuwamo Tom Ritchey, na huyu ndiye anayetuhusu zaidi, kwa sababu njia yake ilifika karibu na kwetu. Mwaka 2005 alikwenda Rwanda na kuwaona wakulima wa kahawa wakisukuma mizigo milimani kwa baiskeli za chuma, na wengine kwa vyombo vya mbao walivyovichonga wenyewe. Mtu aliyeshiriki kuanzisha mchezo wa matajiri alikaa akachora baiskeli ya mzigo: ndefu kwa nyuma, yenye gia, yenye breki zinazoshika, ili kahawa ifike kwenye kituo cha kuoshea kabla haijaharibika. Mwaka 2006 kukafanyika mbio zilizowaweka pamoja waendesha baiskeli za kawaida na wa zile za mbao. Kutokana na juhudi hizo ikazaliwa timu iliyofundishwa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981. Mwaka 2012, Adrien Niyonshuti wa timu hiyo alibeba bendera ya nchi yake London, akashindana katika mbio za baiskeli za mlimani za Olimpiki na kuzimaliza.

Najua jina la Rwanda haliingii vizuri masikioni mwetu siku hizi, na sababu zake kila Mkongomani anazo. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, na mwezi Septemba mwaka huohuo Kigali ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Wengi walikunja ndita, na walikuwa na haki. Lakini hasira isitufumbe macho tusione hesabu. Kule walianza na mbeba kahawa. Wakaendelea na njia: ile inayofuata Ziwa Kivu kutoka Rubavu mpaka Rusizi ina kilomita 227, kwa watembeao na kwa waendeshao baiskeli. Anayepita pale mara nyingi anaiona Kongo ng'ambo ya maji, na fedha zake zinabaki upande anaolala.

Nasi hatukukosa ubunifu. Tshukudu za Goma, zile za mbao zenye magurudumu mawili, zilishusha viazi, kabichi na kuni kutoka Kibumba na Rutshuru kwa miaka mingi, dereva akiwa amepiga goti moja, breki ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Mji uliijengea tshukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara, jambo la kupongezwa. Mwenye tshukudu mwenyewe hakujengewa hata ukanda wa kupitia. Tumezoea hivyo: tunamsifu mbeba mzigo kwa sanamu na kwa wimbo, kisha lori linampigia honi atoke njiani.

Kwa mfano wa namna korongo linavyoweza kulisha watu, twende Kenya. Hifadhi ya Hell's Gate, jirani na Naivasha, ni miongoni mwa chache nchini humo zinazomruhusu mgeni kuingia kwa baiskeli bila gari. Langoni vijana wanakodisha baiskeli. Mgeni anapita kati ya magenge, pundamilia na swala wakimtazama, mpaka kwenye korongo la Ol Njorowa, ambako anaacha baiskeli na kushuka kwa miguu na kiongozi wa pale. Hakuna mtambo wala hoteli ya ghorofa iliyohitajika kuanzisha biashara hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na pale imetimia kwa pampu ya upepo na spana.

Korongo hilohilo linafundisha upande wa pili. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwakumba wageni na kiongozi wao ndani yake, watu saba wakafa. Aprili 2012 vijana saba wa kanisa walikuwa wamekufa vivyo hivyo. Maji ya korongo hayamsubiri mtu aone wingu. Mvua inaweza kunyesha mbali juu ya uwanda, jua likiwa linawaka ulipo. Lofoi ina tabia hiyohiyo. Kwa hiyo njia ninayoitaka isipite sakafuni mwa korongo. Ipite kwenye bega la mlima, korongo lionekane kutoka vituo vya kutazamia, na ifungwe kabisa tangu Novemba mvua zinaposhika mpaka zinapokwisha. Kiangazi chetu ni kirefu, Mei hadi Septemba. Kinatosha kwa msimu.

Hapo ndipo ule mwinamo wa migodi unaporudi kazini. Wajenzi wa njia za baiskeli duniani wanashikilia kanuni mbili zisizohitaji kompyuta. Ya kwanza: wastani wa mwinamo usizidi asilimia 10, ileile ya barabara ya malori. Ya pili: mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa kilima inachopita. Njia inayoshuka moja kwa moja kwenye mgongo wa kilima inapendeza kwa mwezi mmoja, kisha maji yanaifuata na kuila mpaka inakuwa bonde. Inayokata kilima ubavuni, ikiwa imeinamishwa kidogo upande wa nje, inayaacha maji yavuke na kwenda zake. Kwa mapito makali, panapo mwamba mtupu unaoweza kubeba tairi bila kumomonyoka, hapo ndipo umpe mwendeshaji hodari mteremko wa kumtoa jasho. Udongo upate upole, mwamba upate ukali. Haut-Katanga ina wapimaji na mafundi wa baruti waliolelewa na migodi, na vijana wanaojua kusoma mwamba kwa nyundo. Ni mikoa mingapi Afrika yenye mafundi wa namna hiyo waliokaa bila kazi?

Hoja za kupinga zipo, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba hifadhi ni ya wanyama. Kweli, na Taasisi ya Kongo ya Uhifadhi wa Mazingira, ICCN, ndiyo yenye neno la mwisho. Lakini njia ya upana wa mita moja si barabara ya gari. Inayoleta majangili na malori ya mbao ni barabara pana. Njia nyembamba yenye watu wanaolipwa kuipita kila siku inaongeza macho porini.

Ya pili ni usalama, nayo siichukulii kwa wepesi. Desemba 2012 mkuu wa Hifadhi ya Upemba, jirani ya Kundelungu, Atamato Madrandele, aliuawa na wapiganaji wa Mai-Mai. Askari wa hifadhi wa nchi hii wamezika wenzao wengi. Pasipo amani pasijengwe kitu, na msimu usifunguliwe kwa kumfurahisha waziri. Lakini usalama nao hula kwenye chungu kimoja na ajira. Kijana wa kijijini anayelipwa kuongoza wageni ana sababu ya kutoa taarifa mapema anapoona bunduki ngeni.

Ya tatu ndiyo ninayoisikia mara nyingi mjini: huu ni mchezo wa watu walioshiba. Anayesema hivyo hajajiuliza kwa nini mpira wa miguu haukuitwa hivyo wakati TP Mazembe inasafiri kwa ndege. Mchezo huwa wa walioshiba pale wenye njaa wanapofungiwa nje. Ndiyo maana naanza na mbeba mkaa. Apewe kazi ya kujenga, ya kutunza, ya kuongoza, ya ufundi. Afundishwe huduma ya kwanza na Kifaransa au Kiingereza cha kutosha. Akitaka kushindana, ashindane. Njia moja haitaiokoa miombo wala haitawatoa wote kwenye mkaa. Itawatoa baadhi, na itawapa wengine sababu ya kutaka msitu usimame.

Fedha? Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaipa serikali ya mkoa asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na asilimia 15 kwa halmashauri na sekta za maeneo husika. Inayalazimisha pia makampuni kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na migodi. Hiyo ya mwisho ni haki ya vijiji vilivyo karibu na mashimo, tusiiguse. Lakini ile 25 ya mkoa haina kisingizio. Njia ya baiskeli inajengwa kwa sululu, koleo na ujira wa watu. Gharama yake mbele ya kilomita chache za lami ni ndogo mno.

Wala hatuhitaji kusubiri Kundelungu ili tuanze. Pembeni mwa Lubumbashi kuna vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine vinafika mita nane, ambavyo watoto wa Katuba na Kampemba wamekuwa wakivishuka kwa baiskeli za baba zao tangu zamani. Manispaa itenge kipande cha ardhi chenye vichuguu kabla wafyatua matofali hawajavimaliza, ikichore kiwe uwanja wa mafunzo, na wabeba mkaa wawe walimu. Huko ndiko tutajua nani ana mkono wa breki na nani ana moyo tu.

Kisha bajeti ijayo ya mkoa iwe na mstari mmoja: upimaji wa njia ya Kundelungu, kwa makubaliano na ICCN na machifu wa pale. Mstari mmoja, wenye kiasi na jina la atakayewajibika. Wabunge wetu wa mkoa wanaopita barabara ya Kasenga kwa magari ya vioo vyeusi wateremshe kioo, wamuulize mwenye magunia matatu ya mkaa jinsi anavyoshika mteremko, halafu wapige kura.